Ilaze Kwanza, Ndipo Uzime

Mwalimu aliogopa mashine ya benki ya kutolea pesa. Mwanamke yule aliyeweza kuifungua kompyuta yenye umri mkubwa kuliko sisi wanafunzi wake, akaisafisha kwa brashi ya kupakia rangi na kuifunga tena bila skrubu hata moja kubaki mezani, alikuwa akifika mbele ya mashine ile ya ukutani pale Kilwa Masoko anamkabidhi kadi mtu yeyote aliyesimama nyuma yake. "Nisaidie, mwanangu. Hii siijui ndani ina nini." Tulimcheka, naye alituacha tumcheke. Alisema kitu ambacho hajawahi kukifungua hakiamini, na benki hawakuwahi kumruhusu afungue.

Naanzia hapo kwa sababu wengi wa Masoko ukiwauliza habari zake huanzia kwenye majini. Walisema anafuga majini ya umeme chumbani. Taa zilikuwa zikikatika na kurudi, mtaa mzima unasikia mlio mmoja mrefu kutoka dirishani kwake, halafu mkwaruzo, halafu kimya. Mama muuza maandazi wa jirani alikuwa akisema kwa sauti ili asikike, "Wameamka wale." Mwalimu anamjibu kwa dirishani, "Wameamka, wanaulizia maandazi." Walitaniana hivyo miaka yote na kila Idi walibadilishana sahani.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha mpangaji wake asiyelipa, kisha sijui niseme nini. Nilitoka Likawage na begi moja na kiroba cha ufuta alichonipa baba nimpelekee. Nilikuja kujifunza taipu na kompyuta kwa miezi sita, nikakaa nyumbani kwake miaka miwili. Aliniita "wewe wa Likawage" hata mbele ya wageni, na nilipompa shikamoo asubuhi aliitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye kitu alichokuwa akikifungua.

Chumba cha darasa kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara. Mashine zilikuwa saba, zote zimetupwa na maofisi, na zote zilikuwa nzee. Wenzake waliokuwa na madarasa kama lile walikwishanunua kompyuta bapa, wakaweka na intaneti, wanafunzi wakahamia huko. Yeye alibaki na zake. Iliyokuwa mbele kabisa, kwenye meza ya mninga, ndiyo kubwa yao. Tuliiita Kikongwe. Ilikuwa pana kama sanduku la bibi harusi, kioo chake kidogo kimetuna, na maandishi yake ni ya kijani juu ya weusi. Haikuwa na picha, haikuwa na kipanya cha kuzungusha. Uliiandikia amri neno kwa neno, na ukikosea herufi moja ilikwambia haijaelewa, ikangoja.

"Haikutukani wala haikubishii," alikuwa akisema Mwalimu. "Inangoja. Mumewe nani duniani anajua kungoja hivyo?"

Kikongwe haikuwa na saa ndani yake. Ilivyotengenezwa ndivyo hivyo, kila ikizimwa ilisahau leo ni lini. Kwa hiyo kila ilipoamka jambo lake la kwanza lilikuwa kumuuliza mtu tarehe, na Mwalimu aligeukia darasa na kutuuliza sisi. Tulijibu kwa pamoja kama watoto wa chekechea, siku na tarehe na mwezi, na yeye ndipo akaandika. Siku moja mwenzetu mmoja mtundu aliachiwa kuandika akaingiza mwaka wa uongo, ili tu aone. Mashine ikakubali. Kazi zetu zote za siku ile zikabeba mwaka ule. Mwalimu alipogundua hakumpiga wala hakumfukuza. Alikaa akamtazama, mpaka kijana wa watu akaanza kutokwa jasho.

"Inaamini chochote unachoiambia," alimwambia. "Basi usimdanganye anayekuamini."

Nilikuwa nimekaa kiti cha pili. Maneno yale niliyasikia vizuri kuliko wote na hayakunisaidia kitu.

Hasira alikuwa nazo, nisimpambe. Aliwahi kumtupia kandambili mtu wa mita kwa kukata umeme bila kumpa nafasi ya kuzima mashine vizuri. Alikuwa mgumu wa kutoa. Ukimwomba flopi moja ya kuhifadhia kazi yako, vile vipande vyembamba vyeusi vya mraba, alikuuliza maswali kama unaposa. Lakini mwanafunzi akilia kwa sababu ya mambo ya kwao alimpeleka uani, akampa chai ya tangawizi, akakaa naye bila kumuuliza. Watu aliwapigia kelele, mashine alizibembeleza. Simu yake ilikuwa ya kitochi, na aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

Pwani yetu ina chumvi hewani. Inakula bati, inakula misumari, na ndani ya kompyuta inakula nyaya polepole huku wewe unaona kila kitu kipo sawa. Dawa zake Mwalimu zilikuwa mbili. Flopi zote aliziweka ndani ya kopo la samli lenye kifuniko, na chini ya kopo aliweka mkaa uliofungwa kwenye kitambaa ili unyonye unyevu. Na kila Ijumaa, kabla ya watu kwenda msikitini, aliziwasha mashine zote saba, hata zile ambazo hakuna aliyezitumia, zikakaa zinawaka mpaka zikapata joto. Alisema mashine ya pwani isipoamshwa kila wiki hufa imelala. Miaka yote niliyokaa kwake sikumbuki Ijumaa aliyoiruka. Alikuwa na homa akaamka akawasha, akarudi kitandani.

Na kulikuwa na kuzilaza. Hili nalieleza taratibu kwa sababu habari yangu yote na yeye iko hapa.

Ndani ya Kikongwe kulikuwa na diski, sahani ya chuma inayozunguka, na juu yake sindano inayosoma bila kuigusa. Mashine za siku hizi zikizimwa sindano inajiondokea yenyewe. Za zamani zile haikuondoka. Ilibaki pale pale juu ya sahani, na ukiibeba mashine ikatikisika, sindano inadunda na kukwaruza yaliyoandikwa. Kwa hiyo kabla ya kuzima uliandika amri moja fupi ya kuipeleka sindano pembeni, ukasubiri itulie, ndipo ukazima. Mwalimu aliita kuilaza mashine. Na muda wa kusubiri hakuupima kwa saa. Alisoma Alhamdu kimoyomoyo, kuanzia mwanzo mpaka amin, ndipo mkono ukaenda kwenye swichi.

Siku yangu ya kwanza nilimwambia mimi ni Mkatoliki, Alhamdu siijui.

"Kwani kwenu hamsali?" akauliza. "Sema Baba Yetu. Usikimbilie tu."

Tangu siku hiyo nilizima kompyuta kwa Baba Yetu, na wenzangu kwa Alhamdu, na kulikuwa na binti mmoja wa Mitole aliyekuwa akihesabu tu mpaka thelathini, Mwalimu akamwambia na yeye ipo siku atapata cha kusema.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Mimi sikumkuta. Gari alilopanda kwenda Dar es Salaam kuanza kazi lilipinduka karibu na Somanga, na hakufika. Usiku wa kuamkia safari yake alikaa kwenye Kikongwe akamwandikia mama yake barua, akaiacha humo bila kumwambia. Faili aliliita MAMA. Mwalimu aliliona Ijumaa iliyofuata, alipowasha mashine kama kawaida, na wakati huo maiti ilikuwa imeshazikwa.

Aliniruhusu kuisoma mara moja tu, mwaka wangu wa pili. Ilikuwa ukurasa na nusu. Hakukuwa na jambo kubwa ndani yake. Alimwambia asilale na chai tupu, ale. Alimwambia yule mbuzi mwenye pembe moja asiuzwe mpaka yeye arudi. Alimtania kwamba akimkumbuka sana amuulize Kikongwe, kwa kuwa ndiye mtoto wake wa kwanza. Aliandika kwa haraka, neno "usisahau" amelikosea mara tatu, kila mara kwa namna yake. Mwalimu alikuwa nyuma yangu akifuata kwa midomo bila sauti.

Kila Ijumaa, mashine zikishapata joto, alilifungua faili lile akalisoma, akalifunga, akailaza Kikongwe. Tangu barua ile, mashine nyingine sita aliziwasha ili tu asiwashe moja, hivyo ndivyo ninavyofikiri sasa.

Nilimuuliza kwa nini asilichape. Akanionyesha printa, utepe wake wa wino ulikauka zamani na wa aina ile hauuzwi tena. Nikamwambia basi linakili kwa mkono kwenye daftari. Akanitazama kama vile nimesema jambo la aibu.

"Mkono wangu si wake," alisema. "Pale yameandikwa na yeye. Nikiwasha, yanakuja kama alivyoyaacha, na makosa yake."

Niliondoka kwake nikapata kazi Lindi, ofisini, kwenye kompyuta mpya. Nikasoma zaidi, nikapata vyeti. Nilikuwa nikija Masoko mara mbili tatu kwa mwaka, na kila nikija nilikuwa nimezidi kujua. Nilimweleza mambo ya kuhifadhi kwenye mtandao. Alinisikiliza akanisogezea sahani ya mihogo.

Kisha dada yake aliyekuwa Mitole akaugua na kufariki. Mwalimu alikwenda kumuuguza, akazika, akakaa msibani. Ijumaa mbili zilipita, nyumba imefungwa, ni mwezi wa mvua kubwa. Aliporudi akaiwasha Kikongwe, maandishi yakawa yanatetemeka, na barua ilifunguka kwa shida baada ya kujaribu mara nne. Alinipigia simu mwenyewe. Ndiyo mara pekee aliyonipigia.

"Wewe wa Likawage," alisema, "njoo umtoe mtoto."

Nilikwenda. Nilijaribu kuinakili barua kwenye flopi, mashine ikagoma. Kuna rafiki yangu Lindi alikuwa na vifaa vya kuunganisha mashine za zamani na za sasa, na nilimwahidi Mwalimu kwamba nitaipeleka Kikongwe, tutaitoa barua kama ilivyo, herufi kwa herufi, nami nitamrudishia vyote viwili kabla ya Ijumaa. Alikubali. Asubuhi ya safari aliiwasha, akaandika tarehe, akaisoma barua mpaka mwisho. Mara mtu akabisha hodi, ni watu wa Kivinje wamekuja kumpa pole ya dada yake. Akainuka, akaniambia, "Ilaze, halafu uifunge na hizi kanga."

Barabarani konda alikuwa ameshaanza kupiga kelele, gari linaondoka, na dereva ananijua, amesimama kwa ajili yangu. Nilitazama kibodi. Nilitazama swichi. Nilifikiri, haya ni mambo ya kizamani, sindano gani, nitaibeba mapajani. Nikazima.

Niliifunga kwa kanga tatu. Kweli nilibeba mapajani njia nzima, kutoka Masoko mpaka Nangurukuru, kutoka Nangurukuru mpaka Lindi, mikono nimeizungushia, nimenyima kiti changu hata mama mwenye mtoto. Kila tuta la barabarani nililiona likija, nikaiinua kidogo isitikisike. Nilikuwa mwangalifu sana. Nilikuwa mwangalifu kwa kila kitu isipokuwa kile kimoja nilichoambiwa.

Lindi tulipoiwasha ilitoa sauti ya ukucha kwenye sufuria. Rafiki yangu aliizima haraka, akaniuliza, "Mliilaza?" Yeye naye alikuwa wa enzi zile. Nikamwomba ajaribu tena. Alijaribu siku nne mfululizo, na hakupata hata herufi moja. Sahani ilikuwa imechanika mistari.

Nilimrudishia Mwalimu mashine yake. Nilikuwa nimejipanga kusema, nimejisemea njia nzima. Alinipokea mlangoni, akaona uso wangu, akajua. Na kabla sijafungua mdomo akauliza, "Ni unyevu?"

Nikasema, "Ni unyevu, Mwalimu."

Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. "Ijumaa mbili," alisema. "Miaka yote hiyo, nikamwacha Ijumaa mbili. Nimemuua mimi." Kisha akasema inna lillahi kama anavyosema mtu aliyepewa habari ya msiba, akainuka akanitengea chakula, kwa kuwa nimetoka safari.

Nilikula. Hilo huwa linanirudia kuliko mengine, kwamba nilikula na nikamaliza.

Baada ya hapo darasa halikuendelea sana. Mama muuza maandazi alinieleza kwamba Ijumaa mashine hazikulia tena, mpaka wakazikumbuka kelele zake. Mwalimu akimwona mtu yeyote anasafiri humwambia arudi kabla ya Ijumaa, hata kama hana cha kuwahi. Mara kadhaa nilikwenda nikiwa nimeazimia kusema. Kila mara nilikuta kisingizio: ana mgeni, amechoka, leo amecheka, nisimharibie. Nilimpelekea ufuta, nilimpelekea sukari, nilimpelekea kompyuta ndogo mpya ambayo hakuifungua hata boksi. Mwishowe nikaanza kupita Nangurukuru bila kukata kona ya kwenda Masoko.

Binti wa marehemu dada yake ndiye aliyenipigia mwaka huu. Alisema wamemhamishia Mwalimu Mitole kwa sababu alikuwa akitoka nyumbani akipotea, na majirani wanamrudisha. Alisema anamtaja mtu wa Likawage. Alisema pia alikataa kupanda gari mpaka wapakie na ile mashine kubwa, na flopi kwenye kopo lake.

Nilimkuta ukumbini kwenye mkeka, anachambua mbaazi. Amekonda, kichwa kimekuwa cheupe chote. Kikongwe ilikuwa kwenye meza ya ukutani, imefunikwa kanga. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinua macho, mikono inaendelea na mbaazi, na kwa muda huo mfupi nilidhani nimeitiwa bure, yupo mzima.

"Wewe wa Likawage umechelewa," alisema. "Iwashe."

Nilitoa flopi ya kuwashia kwenye kopo. Mkaa ulikuwa umebadilishwa karibuni. Nikaitia, nikabonyeza swichi, ikalia ule mlio wake mrefu, na mpwa wake akatoka jikoni kutazama. Sahani ya ndani ilikwaruza. Flopi ikaguna, na maandishi ya kijani yakatokea. Ikauliza tarehe.

"Leo ni lini?" Mwalimu aliuliza, kama darasani.

Nikamtajia.

"Aa," alisema. "Unachezea darasa langu." Akanitajia yeye tarehe, siku na mwezi na mwaka, bila kusita. Ulikuwa mwaka ambao mimi nilikuwa bado Likawage, sijui hata kompyuta ni nini, na kijana wake alikuwa kidato cha nne. "Andika."

Niliandika. Mashine ikakubali.

"Sasa mfungulie."

Nilijua anamtaka nani. Niliandika amri ya kuorodhesha yaliyomo kwenye diski. Ilikwaruza, ikafikiri, ikaniambia haiwezi kusoma. Nilibaki nimekaa na mikono juu ya kibodi. Yeye akajivuta akasimama, akaja nyuma yangu kama zamani, akainama kwenye kioo.

"Hamna kitu," alisema, na hakuonekana kushtuka. "Bado hajaandika. Ataandika."

Hapo ndipo niliposema. Sikupanga, yalitoka tu, na nilimwambia yote nikiwa nimeangalia kioo: watu wa Kivinje walipobisha hodi, konda alipopiga kelele, nilivyozima bila kuilaza, na kwamba haikuwa unyevu, hazikuwa zile Ijumaa mbili, hakumuua yeye. Nilirudia hilo la mwisho. Mpwa wake alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na alikuwa analia. Kwa hiyo kuna mtu mmoja aliyesikia.

Mwalimu aliniwekea mkono begani. Mkono wake ulikuwa na vumbi la mbaazi.

"Ulisahau kuilaza?"

"Nilisahau, Mwalimu." Hata hapo nilisema uongo. Sikusahau.

"Kesho usisahau," alisema. "Mtoto anataka kuitumia akitoka shule. Haya, ilaze."

Niliandika ile amri fupi. Kikongwe ikaipeleka sindano yake pembeni, kutoka kwenye sahani isiyo na kitu tena cha kukwaruzwa, na mimi nikaanza Baba Yetu. Nyuma ya sikio langu nilimsikia akianza Alhamdu, safari hii kwa sauti, hakukosea neno. Nilikwenda taratibu kama alivyonifundisha. Nilipofika kwenye kusamehewa makosa nilikwama, nikarudia, nikakwama tena, na yeye alikuwa ameshafika amin, amesimama ananingoja.

"Umemaliza?" aliuliza.

Nikamwambia bado.

"Malizia," alisema, "ndipo uzime."